Yule wa "maji ni maji" ametuharibia tena video ya vizimba vya samaki!

Msinitulize leo. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Amebandika filta nyekundu kwenye lenzi, akawasha taa mbili, akazama kwenye kizimba cha sato pale Ogal, Ziwa Victoria. Alipoambiwa amekosea, akajibu mbele ya mwenye samaki: "Maji ni maji."

Maji ni maji! Filta nyekundu ni ya maji ya buluu, ya bahari ya Watamu na Diani, ambako wekundu umeshafifia ukifika mita 5. Ghuba ya Winam, huku kwetu ziwani, ni kijani. Mwani humeza nyekundu, humeza na buluu, kinabaki kijani kitupu. Hapo unafunga filta ya majenta, ile rangi ya waridi-zambarau, maana majenta ndiyo hukata kijani. Na ukiwasha taa, filta inatoka kwenye lenzi! Taa ya 5600 K, nyeupe kama mwanga wa mchana, ina wekundu wake tayari. Ukiupitisha kwenye filta ile, sato anageuka nyanya. Kizimba kizima, nyanya! Halafu mtu anasimama na kusema maji ni maji.

Waiti-balansi, ile seti ya kuiambia kamera nyeupe ni ipi, aliiacha otomatiki, rangi ikahama katikati ya shoti. Kadi ya kijivu ilibaki kwenye mtumbwi. Kadi unashuka nayo hadi kina utakachopiga, inajaza fremu, mwanga uwe ule ule wa kupigia, ndipo unaseti. Ukishuka mita 2 zaidi, unarudia. MAJI NI MAJI, jameni!

Omera_Lenzi: Hasira imekusahaulisha biti. Alirekodi biti 8, ngazi za rangi ni chache. Chaneli nyekundu ikiwa tupu, ukiivuta unavuta chengachenga. Rekodi Log, ile picha bapa ya kurekebishwa rangi baadaye, ya biti 10, la sivyo hata majenta haikuokoi.

KizimbaNamba3: Nawe unalilia filta na maji yenyewe huoni mita moja mbele? Sogea, omera. Lenzi pana, sentimita 30 kutoka kwa samaki, taa uzipeleke mbali pembeni, zitazame nje kidogo. Zikikaa karibu na lenzi zinamulika tope, na tope halina waiti-balansi.

Mwenye uzi: Sawa, lakini alisema maji ni maji. Mbele ya mteja!

Nyar_Dunga: Afadhali nyinyi mna rangi ya kugombania. Kwangu ni ukungu ndani ya kasha la kamera la kuzamia kila siku.

Omera_Lenzi: Unalifungia wapi? Ukilifunga juani kwenye mtumbwi unafungia hewa yenye unyevu, likigusa maji kioo kinalia. Lifunge nyumbani alfajiri, silika jeli ndani. Na mpira wa kuzibia uupake grisi kidogo tu. Ikizidi inashika mchanga, mchanga unaingiza maji.

Nyar_Dunga: Asante, ndugu. Ila kesho hata sijui nitatokea wapi, magugu yamefunga ufuo. Ufuo wa Usoma uko wazi?

KizimbaNamba3: Usoma nako kumefungwa. Propela imenasa mara mbili leo.