Tupeane uzoefu: Imani yako ya utotoni ilikutoka siku gani?

Mwanzisha mada:
Ndugu wanajamvi, naomba tusimuliane jambo ambalo kila mmoja wetu amelipitia ingawa ni wachache wanaolizungumza, yaani imani aliyoishika utotoni kwa moyo wote na namna ilivyomtoka. Orodha ya tuliyoyaamini itatuchekesha tu. Ninachokiomba ni siku yenyewe ya kuvunjika kwa imani hiyo, pamoja na kilichobaki mahali pake.

Naanza na yangu. Niliamini kwamba mwezi ulikuwa ukinifuata mimi. Nilipokimbia ulikimbia, niliposimama ulisimama. Nikiwa na miaka sita hivi nilimweleza binamu yangu siri hiyo, naye akakasirika, kwa sababu mwezi huo huo ulikuwa ukimfuata yeye. Tukaupima: mimi nikakimbilia upande mmoja wa uwanja, yeye upande wa pili, kisha tukarudi kila mmoja akiapa kwamba ameshinda. Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka, si kwa hoja yoyote, bali kwa sababu nilijua kuwa binamu yangu hakuwa mwongo. Baadaye nilisoma kwamba mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400, hivyo hatua mia mbili za mtoto hazibadilishi hata kidogo pembe anayouonea, ilhali miti iliyo karibu huonekana kurudi nyuma, na macho yakilinganisha viwili hivyo huamua kwamba mwezi unatembea nasi. Nilisoma pia kwamba Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwahoji watoto juu ya jambo hilo hilo katika miaka ya 1920, akapata majibu kama ambayo ningempa mimi. Nakiri kwamba nilisikia wivu: hata ujinga wangu haukuwa wangu peke yangu.

Mchangiaji wa pili:
Mimi niliamini kwamba ndani ya redio waliishi watu wadogo. Siku moja niliifungua kwa bisibisi nikakuta nyaya, spika na vumbi. Sikuhitimisha kwamba watu hao hawapo. Nilihitimisha kwamba wamenisikia nikija, wakatoroka. Imani hiyo iliishi mwaka mwingine mzima baada ya ushahidi, na adhabu niliyopewa kwa kuharibu redio haikuipunguza.

Mchangiaji wa tatu:
Mama alituambia kwamba mtoto akisema uongo, uongo huo huandikwa kwenye paji la uso wake na kwamba mzazi pekee ndiye anayeweza kuusoma. Niliamini kabisa, kwa kuwa kila nilipodanganya alinibaini. Nilipofikia miaka minane nilivunja kitu chake cha thamani, na alipouliza nilikuwa na haraka kiasi kwamba nilimtaja mdogo wangu bila hata kufikiri. Mama alinitazama usoni, akaniamini, akaenda kumwadhibu mdogo wangu.

Mtu angetarajia kwamba nilifurahi. Ukweli ni kwamba niliogopa kuliko siku zote nilizowahi kukamatwa, kwa sababu nilielewa ghafla kwamba hakuna anayeona ndani ya kichwa changu, na kwamba kuanzia hapo ni mimi tu niliyejua nilichokifanya. Nilikwenda kuungama jioni ile ile, si kwa wema, bali kwa sababu upweke ule ulinishinda. Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza mama alivyokuwa akitubaini, naye akacheka hadi akatokwa na machozi: kila nilipotaka kudanganya nilikuwa nikiziba paji la uso kwa kiganja. Siku ile nilisahau kuliziba.

Mchangiaji wa nne:
Yangu haichekeshi, mnisamehe. Bibi alipofariki nikiwa na miaka mitano, niliambiwa kwamba amesafiri. Watu wazima walikusudia kunipunguzia uchungu, lakini mtoto wa umri huo hulichukua neno kama lilivyo, na kwa kawaida ni kati ya miaka mitano na saba ndipo watoto wengi huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi. Mimi nilielewa kwamba msafiri hurudi, kwa hiyo nikaweka viatu vyake mlangoni ili avikute. Kila aliyeingia aliviruka, na hakuna aliyeniuliza kwa nini viko pale, jambo ambalo hadi leo linaniudhi kuliko uongo wenyewe.

Hakuna aliyekuja kuniambia ukweli. Niliupata kidogo kidogo: kitanda chake kilipewa mtu mwingine, jina lake likaanza kutajwa kwa sauti ya chini, na nilipouliza atarudi lini, majibu yakawa mafupi zaidi kila mara. Asubuhi moja niliviondoa viatu vile mwenyewe, nikavipangusa vumbi, nikaviweka chini ya kitanda changu.