Nimekanyaga kaa la moto, mguu haukushtuka. Naombeni ushauri

Peku Uani: Wakuu, juzi nachoma mahindi uani, peku. Mara nasikia harufu ya nyama. Kutazama chini, kaa limenasa kwenye dole gumba. Maumivu hakuna, mguu wala haukuruka. Nina miaka 29. Ubongo ndio unakufa? Silali.

Fundi Waya: Pole mkuu. Neva ni waya, ubongo ni meinswichi. Laini imekatika. Mimi nilishika eksozi ya bodaboda, mkono ukajirudisha kabla sijajua kitu. Abiria akacheka mpaka Mbagala.

Mama Tunu: Miaka 29 unajichomea mahindi mwenyewe? Oa, mwanangu.

Sijui Tena: Chai hii. Mguu kuruka ni kazi ya uti wa mgongo, hauombi ruhusa ubongoni. Hata ubongo ungekuwa umelala, mguu ungeruka. Weka picha.

Nesi Mstaafu: Sijui Tena, uko sawa nusu. Uti unaamuru misuli kabla maumivu hayajafika ubongoni, ndiyo maana mtu huruka kwanza, "mama wee" baadaye. Ila lazima taarifa iufikie. Na neva si waya, Fundi: sodiamu inaingia ndani ya uzi wa neva, potasiamu inatoka, hatua kwa hatua mpaka mwisho. Nyuzi za maumivu makali hukimbia mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Za maumivu ya kufukuta, kama mita 2 tu au chini yake. Zikiharibika, uti haupati habari, mguu unabaki palepale. Ganzi huanzia vidoleni kwa kuwa nyuzi za huko ndizo ndefu kuliko zote. Mleta mada, una kisukari? Pombe? Dawa?

Peku Uani: Sukari nilipima, iko sawa. Bia za wikiendi. Dawa za kawaida tu.

Nesi Mstaafu: Za kawaida zipi?

Peku Uani: Haya. Niko kwenye dozi ya TB. Humu kuna watu wa mtaani kwetu, ndiyo maana sikuandika. Ganzi ilikuja na hivyo vidonge, nimeanza kuviruka. Kikohozi kimeisha, kuna ubaya gani?

Sijui Tena: Asubuhi ubongo, jioni TB. Kesho ana mimba.

Mama Tunu: Marehemu mjomba naye kikohozi kiliisha.

Nesi Mstaafu: Isoniazidi iliyomo humo hupunguza vitamini B6, na neva zinaihitaji. Kinga yake ni piridoksini, vidonge vya hiyo B6. Ulipewa? Pombe inazidisha. Ukiruka dozi unafuga TB sugu. Kesho kliniki, na hicho kidonda wakione.

Peku Uani: Vile vidogo? Nilidhani vya hamu ya kula, na hamu ninayo. Nitaenda Jumatatu, foleni ikiwa fupi.

Nesi Mstaafu: Kesho, nimesema.

Fundi Waya: Nesi, kidole changu cha mwisho kinakufa ganzi nikikaa sana juu ya nguzo. Dawa situmii. Nifungue uzi wangu?