Naomba ushauri: kutyuni (kurekebisha programu) kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ya Impreza WRX 2003

Wakuu, habari za leo. Gari ni Subaru Impreza WRX ya Japani, injini EJ205 ya lita 2.0. Imefungwa injekta (vinyunyizi vya mafuta) za 565 cc kwa dakika, pampu ya mafuta ya lita 255 kwa saa, ekzosti ya inchi 3 na bomba pana la kuingizia hewa. Kontroli boksi bado ina programu ya kiwandani.

Hapo ndipo penye hatari. Kwenye bomba pana hewa hupita polepole mbele ya sensa ya hewa, kompyuta inadhani hewa ni pungufu. Injekta kubwa nazo zinamwaga mafuta kupita hesabu. Makosa haya mawili hayafutani: kwenye silensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) inaweza kunywa mno, halafu tabo (turbo) ikijaa mchanganyiko ukakauka, yaani mafuta yakapungua kuliko hewa, injini ikagonga (mafuta yakilipuka ovyo ndani ya silinda) na kingo za pistoni zikavunjika. Tena programu ya Japani imepangwa kwa oktani 100 (kipimo cha petroli kustahimili kugonga), na petroli ya kawaida ya Dar haifiki hapo.

Mpango: kupima kompresheni silinda zote 4, kutafuta mivujo ya hewa kwa moshi, plagi za baridi zaidi (zinazopoteza joto haraka) zenye pengo la 0.7 mm, kisha sensa ya oksijeni ya wideband, ya kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta. Ndipo kurekebisha injekta na sensa ya hewa, presha ya tabo ikiwa chini, taiming (wakati wa plagi kuwasha) mwisho.

Nauliza: kuna fundi Dar au Arusha anayetyuni programu ya kiwandani kwa Openport (kebo ya kuunganisha laptop na kontroli boksi)? Kutyuni kwa kutuma logi (rekodi za sensa gari likiendeshwa) kwa fundi wa nje kunaaminika bila daino (mashine ya kupima nguvu ya gari)? Na kwa petroli yetu, mnaishia presha gani kwa usalama?