Tunatafuta fundi wa programu au mtahiniwa?

Wenzangu, salamu kutoka Kisumu. Kijana niliyefanya naye kazi miaka mitatu amekataliwa kazi baada ya usaili wa dakika 45. Aliambiwa augeuze mti wa binari (mpangilio wa data ambao kila kituo kina matawi yasiyozidi mawili), matawi ya kushoto yawe kulia, watu wawili wakimkodolea macho. Akakwama.

Kijana huyohuyo ndiye aliyeokoa duka la jumla karibu na soko la Kibuye. Mteja alikuwa akilipa mara moja kwa M-Pesa, daftari likionyesha kalipa mara mbili. Alikaa siku mbili akisoma kumbukumbu za seva, akampigia mhasibu simu hadi akachokwa, mwishowe akabaini kwamba taarifa ileile ilikuwa ikitufikia mara mbili mtandao ukisuasua. Dawa yake: namba ya muamala ikishaandikwa, isiandikwe tena. Mistari minane tu! Usaili ule ungeuonaje uvumilivu huo?

Wala si yeye wa kwanza. Max Howell, aliyeunda Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine hasa kwenye kompyuta za Mac, alisema mwaka 2015 kwamba Google ilimkataa kwa swali la mti huohuo, ilhali wahandisi wake wengi walikuwa wakitumia programu yake. Mwasemaje?

Jibu, Kakamega: Pole kwa kijana, lakini mimi ndiye ninayesaili. Nafasi moja, maombi mia mbili. Nitawajaribu wote kwa siku mbili mbili? Tena nimeona programu inayolinganisha kila mteja na kila mteja. Wakiwa 200, ulinganisho 40,000, hakuna anayesikia. Wakifika 50,000, ni bilioni 2.5, na mashine inalala. Asiyeliona hilo simtaki. Na nikiwapa kazi ya kufanyia nyumbani, nitajuaje kama hakufanyiwa na binamu yake?

Mwanzilishi wa mada: Ndugu, hilo la wateja 50,000 nakubali kabisa, na ndilo swali la kuuliza, kwa sababu linatokea kazini. Mti wa binari sijawahi kuugeuza tangu niajiriwe. Mpe mtu programu mbovu ya kweli, saa moja, intaneti iwepo kama tunavyoitumia sote, kisha keti naye akueleze anachokiona. Binamu hataingia humo. Na maombi mia mbili yachujwe kwanza kwa swali lako hilo la wateja. Dakika kumi zinatosha.