Oktani na uwiano wa mgandamizo

Swali: Wakuu, injini ya Toyota 1NZ-FE ina uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa 1, yaani pistoni hushindilia hewa na petroli hadi sehemu moja ya 10.5 ya ujazo wake. Je, petroli ya oktani kubwa itaiongezea nguvu?

Jibu: Hapana, ndugu. Oktani hupima jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo na joto bila kujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na injini hiyo ilitengenezewa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini ni RON 89 (RON ni kipimo cha oktani). Utalipia bure.

Jibu: Naongezea kwamba uwiano pekee hautoshi: Subaru yenye turbo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi) huwa na uwiano mdogo, lakini huhitaji oktani kubwa kwa kuwa hewa huingia silindani ikiwa imeshashindiliwa.

Muulizaji: Na injini ikitoa mlio wa kugonga wakati wa kupanda mlima?

Jibu: Kagua kwanza masizi, plagi na joto la injini.