Naomba ushauri: walioliwa na Nunda watoke tumboni?

Habari zenu wapenzi wa ngano. Tunaandaa utambaji wa dakika 20 kwa watoto wa darasa la tatu hapa Temeke: Nunda mla watu, pamoja na Kholumolumo, zimwi la ngano za Wasotho wa kusini mwa Afrika, lililomeza watu na mifugo. Kholumolumo hupasuliwa tumbo, watu na mifugo wakatoka hai. Kwa Nunda, paka wa sultani, walioliwa hawarudi. Tulijaribu kumpa Nunda mwisho ule wa Wasotho, lakini kosa la sultani kumkingia kifua paka wake likakosa uzito, na hilo ndilo roho ya ngano.

Tena kijana wa sultani, akimsaka Nunda, huua mbwa, ngawa, punda milia, twiga, kifaru, ndovu, na kila mara mama yake huimba kwamba siye Nunda. Kufika twiga, watoto wamechoka kuitikia.

Je, kuna masimulizi ya pwani ambamo walioliwa hutoka hai? Na tuondoe wanyama gani?