Breki ya mbele imelegea, mkono unakaribia kugusa mpini

BodaMikindani
Habari zenu wakubwa. Pikipiki yangu ni cc 150, mbele diski, nyuma ngoma. Tangu nibadilishe pedi na kumwaga mafuta ya breki ya zamani, mkono wa breki ya mbele umekuwa laini. Nikibana mara moja unazama mpaka karibu na mpini. Nikipampu harakaharaka unakaza, nikiuacha kidogo unalegea tena. Mafuta nimeweka DOT 4 mpya, upepo nimetoa kule chini kwenye kalipa, kile kibanio cha pedi kwenye diski, mpaka mapovu yakaisha, na sioni panapovuja. Fundi wa hapa kijiweni ananiambia ninunue masta nzima, ile pampu ya mafuta ya breki pale kwenye mpini. Keshokutwa nina mzigo wa Newala, na kurudi huku ni kuteremka. Nianzie wapi kabla sijatoa hela?

Mnanyamba
Raba za masta hizo kaka, zimechoka. Nunua nyingine uendelee na kazi.

Fundi Chikongola
Mdogo wangu, hela yako kaa nayo kwanza. Masta iliyokufa raba ina dalili yake: ukibana mkono na kuushikilia kwa nguvu ileile, unazama polepole mpaka kwenye mpini, na nje halitoki hata tone. Jaribu sasa hivi, pikipiki ikiwa imesimama. Kama hauzami ila unanesa, huo ni upepo. Na wa kwako, kwa ulivyoeleza, nadhani umejificha juu.

Povu linapanda, halishuki. Ile bolti yenye tundu inayounga mpira wa breki na masta ndiyo iko juu ya njia nzima. Kipovu kikikaa pale, unaweza kumwaga chupa nzima kule chini na kisitoke. Weka pikipiki stendi ya pembeni, kata usukani kushoto ili masta ipande. Zungushia bolti kitambaa, maana mafuta ya breki yanakula rangi ya tangi. Yakidondoka, mwagia maji papo hapo. Jaza kikombe cha mafuta kilicho juu ya masta. Bana mkono, shikilia, legeza bolti kidogo tu. Yatachuruzika mafuta yenye povu. Kaza bolti KWANZA ndipo uachie mkono, ukitangulia kuachia umevuta upepo upya. Rudia mpaka yatoke mafuta matupu, na kikombe kisikauke hata mara moja. Malizia chini kwenye kalipa ukitumia mpira wa dripu, ule unaoonyesha, uone mapovu kwa macho yako. Bolti ikivuja baada ya kukaza, badili washa zake za shaba, zile pete za kuziba, usiikaze kwa hasira ukakata nyuzi.

DadaNaliendele
Naongezea kwa sababu umebadili pedi. Mwambie mtu abane breki, wewe uinamie diski uitazame kwa karibu. Ikibinuka upande mmoja, pini za kalipa zimeganda na kalipa haitembei. Sisi wa pwani chumvi inatumaliza hapo. Zichomoe, zisafishe, paka grisi ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha raba.

BodaMikindani
Shikamoo fundi. Nimeshikilia mkono, hauzami. Bolti ya juu imetoa povu jeupe mfululizo, kisha mafuta safi, na mkono umekaza pale pale. Dada, asante sana, pini moja ilikuwa na kutu, nimebidi kuizungusha kwa koleo ndipo ikatoka. Swali la mwisho: chupa ya DOT 4 imebaki nusu, na ilikaa wazi barazani tangu siku ile. Ninayo hiyo tu ya kuongezea.

Fundi Chikongola
Marahaba. Hiyo usitie. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ina unyevu mwingi. DOT 4 mpya inaanza kuchemka kwenye nyuzijoto 230 za Selsiasi au zaidi. Ikishashiba unyevu inaweza kushuka mpaka 155. Kwenye mteremko ukiwa na mzigo diski inapata moto, mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mkono unalegea ukiwa katikati ya kona. Nunua chupa ndogo iliyofungwa. Kabla ya kupakia, ijaribu breki uwanjani kwa mwendo mdogo, na ukishuka tumia gia ndogo, injini ikusaidie kuishika.